Ubao wa Danguole

Kabla ya kutoboa, piga. Mara tatu, kwa ncha ya mtaimbo,
mbele ya buti, si pembeni.
Barafu nyeupe ni domo tu: ina hewa, ina theluji, ina ahadi.
Barafu nyeusi ndiyo inayokubeba.
Hayo mama alinifundisha kwa mikono,
maana masikio yake yalimwacha mwaka niliozaliwa
na hakuyatafuta.

Jumamosi ya pili ya Februari, ghuba ya Kurshi:
watu mia mbili na ndoo zao,
mahema mekundu, mbwa mmoja, redio nne,
na mzani wa jikoni juu ya meza ya mwamuzi,
umefungwa kamba usipeperuke.
Bwana Vaidotas kaja na mashine ya kuonea samaki,
kioo chake kinang'aa kama televisheni ya baa,
na keekee ya betri inayomaliza barafu
kabla hujapiga chafya.

Sisi tulikuja na sleji, mtaimbo, kijiko cha matundu,
misumari miwili yenye mipini, inaning'inia shingoni
(ukizama, ndizo kucha zako),
na ubao.

Ubao ni mrefu kunishinda. Ncha moja huzama shimoni,
nyingine huegemea ukingo, na mama, amepiga magoti,
huugonga kwa nyundo mbili za mti:
ndu, ndu-ndu, ndu.
Huko chini stinta husikia, wakadhani kuna karamu.
Ni visamaki vya urefu wa kiganja, vinanukia tango,
naam, tango lililokatwa sasa hivi,
katika baridi inayogandisha kope.

"Yeye husikiaje?" mtoto wa Vaidotas aliniuliza.
Kwa magoti. Kwa meno. Sijui.
Kimya kingi kina mshindo, basi labda ndiyo hiyo.

Saa tano na robo nyundo zikasimama.
Mama akaweka kiganja juu ya ubao
kama anayepima homa ya mtoto.
Kisha akainuka, akapiga mluzi wa vidole viwili,
mluzi ambao hajausikia tangu nizaliwe,
akanyoosha mkono kuelekea nchi kavu.
Tokeni.

Mwamuzi alitazama daftari: sentimita ishirini na tatu, kapima mwenyewe.
Vaidotas alitazama kioo: samaki, samaki, samaki.
Lakini kijiji hiki kina makaburi yasiyo na mtu ndani.
Wakakunja mahema. Wakalaani, wakakunja.
Mia mbili, hatua kumi kati ya mtu na mtu,
njumu za chuma zikiuma, ndoo zikilia.

Barafu haikupasuka.
Si siku hiyo, si kesho yake, si wiki nzima.
Jumatano gari la posta lilipita juu yake likipiga honi.

Shindano likafutwa, kikombe kikarudi kabatini.
Stinta wote, wa mabingwa na wa wavivu,
wakamwagwa katika kikaango kimoja kipana kama gurudumu:
unga, chumvi, mafuta, moshi wenye harufu ya bustani.
Walimcheka mama huku wakimjazia sahani.
Alikula na vichwa.
Alipomaliza akaandika kwa kidole
kwenye unga uliomwagika mezani:
*Kuna kitu kilinijibu.*
Akaufuta kwa kiwiko kabla wengine hawajasoma.

Aprili huwa tunavuka vilima vya mchanga, upande wa bahari,
na ufito wa mita nne, na chubwi yenye miguu ya waya
ili mawimbi yasiiburure.
Hurushi kwa mabavu; hurusha kwa kiuno,
na mshipi hukimbia juu ya povu hadi usipouona.
Halafu anaukalia kimya, umepita juu ya kidole chake kimoja.
Mimi nimesimama kando, na masikio yangu mawili mazima,
nasikia maji tu.
Yeye anaitikia kwa kichwa, pole pole,
kama mtu aliye kwenye simu.